Konzi Moja ya Chumvi

Leo nimeadhirika, ndugu zangu. Salamu zitafuata chini, kama karatasi itabaki. Nawaandikia nyinyi wawili, Juma na Kassim, kwa sababu mko huko Mackinnon Road na hamwezi kunicheka usoni. Lori la kesho asubuhi litaichukua barua hii. Nataka habari iwafikie kutoka kwangu kabla haijafika kwa njia zake, na njia zake mnazijua.

Mnakumbuka nilivyoachana na Bi Zuhura. Miaka tisa nimepika katika mkahawa wake hapa Ukunda, na katika kila harusi aliyoitwa kupika. Kisha ikaja harusi ile ya Msambweni. Pilau niliipika mimi, peke yangu, naye Bi Zuhura ana homa, amejilaza mkekani. Watu wakala, wakaramba vidole. Baba wa bwana harusi akasimama mbele ya hadhara, akauliza, "Pilau hii ni mkono wa nani?" Bi Zuhura akainuka na homa yake, akasema, "Wangu."

Nikavingirisha kisu changu katika kitambaa, nikaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, miezi minane, nimekuwa nikiwapikia watu wanaotengeneza barabara. Wale hula chochote, bora kijaze tumbo. (Siku moja niliunguza maharagwe, wakaniomba niunguze tena kesho yake.)

Wiki hii milango miwili ikafunguka kwa pamoja. Jumatatu niliitwa na hoteli moja ya Diani, zile za wageni. Meneja mpya ni Bwana Mutiso, mtu wa bara, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile tangu Mzungu wa zamani afungashe virago baada ya uhuru. Anatafuta mpishi wa chakula cha pwani. Akaniambia nije Alhamisi nipike, waonje. Na zaidi ya hayo, jina la mpishi litapigwa taipu kwenye kadi ya vyakula inayowekwa mezani. Jina langu! Mezani! Sikusikia maneno mengine aliyoyasema baada ya hapo.

Jumanne Bi Zuhura naye akaleta salamu. "Mwambieni Salimu muhogo wangu wa nazi unarudi jikoni bila kuliwa Ramadhani hii. Watu wanafuturu kwangu kwa kunionea haya. Arudi. Nataka jibu Alhamisi kabla ya magharibi." Basi. Nilitafuta neno la samahani ndani ya salamu hizo, nikazigeuza juu chini, sikuliona.

Usinione mwepesi, Kassim, jambo lilinilemea. Hotelini kuna mshahara wa mwisho wa mwezi na jina kwenye kadi. Kwa Bi Zuhura kuna moshi, kelele, na watu wote wa Ukunda ambao kwa miaka tisa wameniita "yule wa Bi Zuhura". Lakini pia kuna miaka tisa yangu, na mtu haivui hivi hivi. Niliswali istikhara siku mbili, nikimwomba Mola anionyeshe lililo na kheri. Siku ya kwanza sikuota kitu. Ya pili nikaota mbuzi. Mbuzi tu, amesimama, ananitazama. Nikamsimulia mke wangu.

Mwanaisha akasema, "Njia mbili zilimshinda fisi. Na fisi hakuwa na mke wa kumuuliza."

"Haya, nakuuliza."

"Wewe unataka kazi, au unataka kuombwa radhi?"

Nikamwambia hilo halihusiani. Akaendelea kuchambua mchele wake.

Sasa, Bi Zuhura nisingeweza kumwambia kwamba siku ileile anayongoja jibu langu nitakuwa nikijaribiwa kwingine. Nikamtumia ujumbe kwamba Alhamisi mchana nitakuwa Tiwi, kumtazama shangazi yangu mgonjwa, na jibu nitamletea magharibi. (Uongo wa mwezi wa Ramadhani. Malipo yake yalikuja siku ileile, hayakungoja akhera.)

Leo asubuhi nikafika Diani. Jiko lile mngeliona! Meko sita, maji ya bomba, friji kubwa kunishinda mimi. Wakanivika aproni nyeupe na kofia ndefu nyeupe, ndefu kiasi cha kunifanya niiname kila mlango. Nikajitazama kwenye kifuniko cha sufuria, nikajiona bwana. Niliwapangia wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Nikakuna nazi mwenyewe, nikakamua tui zito na tui jepesi, nikachoma viungo mpaka wahudumu wakaja kuchungulia. Kila kitu kilikwenda sawa.

Ikabaki chumvi. Nilikuwa nimefunga, na mnajua dini inamruhusu mpishi aliyefunga kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Sikutaka. Mimi nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba mkono wangu hauna haja ya ulimi. Kwa Bi Zuhura hatukuonja, ila tulikuwa na mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye kwa uzee na maradhi hafungi tena. Kila alasiri ya Ramadhani huletewa kijiko. Kikiwa na kasoro husema neno moja, "chumvi" au "pilipili" au "moto". Kikiwa kizuri hunyamaza, akarudisha kijiko. Miaka tisa nilidhani tunampa kijiko kwa heshima tu, ili naye ajione yumo.

Basi nikatia chumvi kama ninavyotia siku zote. Konzi moja ya mkono uliofumba kwenye wali, nusu konzi kwenye mchuzi. Ilikuwa ndani ya kopo la bati, nyeupe, laini kama unga. Nikaona hata chumvi ya hoteli ni ya kistaarabu. Nikafunika.

Saa saba wakaketi mezani Bwana Mutiso na wageni wawili Wazungu, mume na mke kutoka Nairobi, ambao kauli yao husikilizwa na wenye hoteli. Nikasimama kando na kofia yangu, mikono nyuma. Wakala tonge la kwanza. Wakanywa maji. Wakala la pili. Wakanywa maji tena, yule bibi akamaliza gilasi nzima bila kupumua. Nikamnong'oneza mhudumu, "Ongeza maji, leo joto limezidi." Jagi likaisha. Likaja la pili. Na mimi nimesimama pale natabasamu! Nilikwisha anza kutunga maneno mafupi ya shukrani.

"Mpishi! Kuja hapa," akaita Bwana Mutiso. "Hii chakula umeonja?"

"Nimefunga, bwana."

"Umefunga nini?"

"Saumu, bwana. Ramadhani."

"Sasa kama hujaonja ulijua namna gani iko sawa?"

"Kwa mkono, bwana."

"Mkono gani? Hebu tuone huo mkono."

Nikauinua. (Naam. Mtu mzima mwenye mke na watoto, nimesimama mbele ya Wazungu na kofia ya dhiraa moja, nimeinua mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani.) Akautazama mbele, akautazama nyuma.

"Hii mkono imetia chumvi ya watu mia moja," akasema. "Wageni wataenda kutembea kidogo huko ufuoni. Saa nane na nusu wanarudi. Utengeneze, ama uvue hiyo kofia."

Nikarudi jikoni. Nikalikazia macho sufuria. Wali ukishakunywa chumvi hauitoi kwa kuombwa. Nilikuwa nimekaa vivyo, kichwa mikononi, niliposikia mlango wa nyuma, "Hodi wenyewe!" Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Bi Zuhura! Kumbe siku hizi ndiye anayewaletea mahamri ya chai ya jioni.

Nikaruka nyuma ya friji. Mwili ulienea vizuri. Kofia ikabaki nje.

Akatua kikapu chake polepole. "Toka huko, Salimu. Na huo mnara wako."

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba."

Hakuniuliza ninafanya nini pale, na afadhali angeuliza. Macho yake yalikwisha fika kwenye masufuria. Akafunua, akanusa, akatazama majagi matupu yaliyorudi. Naye amefunga, hakuonja. Akaliendea kopo la chumvi, akachota kidogo, akaisugua kati ya vidole.

"Umepima kwa nini?"

"Konzi moja. Kama siku zote."

"Konzi ya chumvi yetu ya mawe ina nafasi ndani, mawe hayakai pamoja. Hii ni laini, imejaa mkono wote, haina nafasi. Hapa umetia karibu konzi mbili." Akajifunga leso kiunoni. "Injika mchele mwingine, usitie hata chembe. Nami nipe nazi."

Tukaanza. Alikuna, nikakamua. Nilipopika mchele mtupu kwa tui jepesi, yeye aliuzimua mchuzi kwa tui zito na ndimu. Nilinyoosha mkono kabla hajaomba mwiko, naye akapisha kabla sijasema nipite. Hatukusema hata maneno kumi. Nitawaambia kweli, kwa sababu mko mbali, nilifurahi. Miezi minane sijapika na mtu anayejua nitakanyaga wapi. Tulipochanganya wali mweupe na ule wa chumvi, akageuka akauliza jiko zima, "Nani hapa hafungi?"

Mhudumu mmoja Mkristo akainua kidole. Akapewa kijiko, akatafuna, akafumba macho. "Sasa imekubali," akasema. Jambo dogo kama hilo, kuuliza tu ni nani hafungi, mimi halikunipitia akilini asubuhi nzima. Nilikuwa na wahudumu wanne wanaotafuna mbele yangu.

Wageni wakarudi, wakala, safari hii maji yakabaki mezani. Sahani zikarudi tupu. Bi Zuhura alikuwa ameshaniambia, "Haya, nanawa naenda zangu," nami nikadhani ameondoka. Bwana Mutiso akaingia jikoni anacheka, kadi mkononi.

"Sasa hii ndiyo chakula! Mama yule anauliza ni nani ametengeneza hii."

Na mimi, ndugu zangu, mimi Salimu niliyetoka Msambweni na kisu kitambaani, niliyewasimulieni dhuluma ile mpaka mkachoka, nikajibu, "Mimi."

Hata sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, laini, kama lilikuwa limekaa mlangoni linangoja. Bwana Mutiso akanipa mkono, akanipa na kadi. Imepigwa taipu vizuri, na chini kabisa imeandikwa "Mpishi: Salimu." Akaniambia nianze Jumatatu, akatoka.

Ndipo mlango wa nyuma ukasogea. Bi Zuhura alikuwa nyuma yake, penye bomba la maji, anajifuta mikono kwa leso. Alikuwa pale wakati wote. Nilitamani anitukane. Akaokota kikapu chake, akakikung'uta makombo, akanitazama kwa upole.

"Na shangazi wa Tiwi, hajambo?"

(Shangazi yangu wa Tiwi alifariki miaka mitatu iliyopita. Sina mwingine. Pilau ya hitima yake tuliipika sisi wawili, mimi na Bi Zuhura, na yeye ndiye aliyenifuta machozi nikasingizia vitunguu.)

Akaenda zake. Kumbe tangu alipopata ujumbe wangu alijua nadanganya, na bado alijifunga leso, akaniokoa. Nikabaki na kofia yangu na kadi yangu. Nililitazama jina langu pale chini, nikaona ni la mtu nisiyempenda sana.

Nikamfuata Bwana Mutiso ofisini, nikavua kofia. "Bwana, si mimi niliyetengeneza. Ni yule mama wa mahamri. Mimi ni ile chumvi ya kwanza."

Akaegemea kiti. "Wewe ni mtu wa namna gani? Nimeshakupa kazi." Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Sikiliza. Mpishi mimi nataka. Mtu mkweli pia nataka, hapa ni wachache. Jumatatu kuja. Ama hutaki?"

Nikamwambia nitamletea jibu kesho. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu watu wa pwani.

Nikatembea kwa miguu mpaka Ukunda, jua linachoma, koo limekauka. Njiani nilikuwa na wakati wa kutosha wa kujisikiliza. Swali la Mwanaisha likanirudia, nami sasa nikawa na jibu. Sikuwa nikitafuta kazi. Nilitaka kuombwa radhi, na kama sitaombwa, nilitaka jina langu liandikwe mahali Bi Zuhura atakapoliona. Hotelini mshahara ni mzuri, na Bwana Mutiso ni mtu mwema. Lakini mtu akichagua kazi ili amkomoe mwingine, huyo mwingine ndiye aliyemchagulia.

Nilifika mkahawani jua limeshaanza kushuka. Bi Zuhura alikuwa mbele ya jungu la muhogo. Hakusema karibu. Alinipa mwiko, akaondoka kwenda kumenya ndizi, nami nikaanza kukoroga. Nikapika, nikamalizia tui, nikatia na pilipili. Nikampelekea Bi Mwanakombo kijiko, kwa mikono miwili safari hii. Akaonja. Akanyamaza, akarudisha kijiko. Nusura nilie.

Bi Zuhura akaja kukaa kando yangu kwenye kibao. Adhana ilikuwa bado kidogo.

"Siku ile Msambweni," akasema bila kunitazama, "niliulizwa ghafla. Neno likanitoka. Nikasema kichwani, nitalisahihisha wakishakaa. Nikageuka, nawe umeshakwenda na kisu chako."

"Nami leo neno lilinitoka vivyo hivyo, nikidhani umeshaondoka," nikasema. "Nisamehe, Bi Zuhura. Uongo wa Tiwi pia."

"Nami nisamehe. Marehemu alikuwa mtu mzuri, usimuuguze tena." Akapangusa jasho. "Jibu langu liko wapi?"

"Ningali nakoroga, huoni?"

Akacheka kidogo puani, akaenda kupanga sahani. Adhana ikaadhiniwa. Watu wakafungua kwa tende na maji, sahani zikapita. Palikuwa kimya, kimya kile cha watu wenye njaa wanaokula. Kisha mzee Mbwana, yule mshona viatu, aliyekaa mbele kabisa, akainua uso akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bi Zuhura, muhogo wa leo kapika nani?"

Bi Zuhura alifungua kinywa, akakifunga. Akanitazama mimi, nami nikatazama jungu. Mkahawa mzima ukangoja.

"Salimu," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti zaidi, "Huo ni mkono wa Salimu."

Jina langu, mbele ya hadhara. Nikainua kichwa. Nilikuwa nimelingoja neno lile miezi minane, na labda miaka tisa. Mzee Mbwana akatafuna taratibu, akameza, akaafiki kwa kichwa.

"Mzuri," akasema. "Lakini mwambie asiogope chumvi."

Sikuwa nimetia hata chembe! Nilikuwa nimeikwepa kama nyoka. Nikageuka kumtazama Bi Mwanakombo pale pembeni, yeye aliyeonja akanyamaza, nikamkuta ameziba kinywa kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alijua tangu mwanzo. Kanyamaza makusudi!

Bwana Mutiso nitamwendea kesho kumshukuru na kumkatalia kwa adabu. Kadi yenye jina langu nilitaka kuitunza, lakini Bi Mwanakombo ameichukua kupepea makaa. Inapepea vizuri, karatasi yake ni nzito.

Msinicheke. Au chekeni, lakini baada ya futari, maana kucheka mchana kunakausha koo, na mkija Ukunda sikukuu nimeshaambiwa nisiogope chumvi.

Wenu, Salimu (wa Bi Zuhura)